Je, Alama Ni Hukumu?
Somo la uhakiki kutokana na mchezo wa Jump Force



Hapana shaka mmekwisha kufundishwa namna ya kuhakiki kitabu: kutazama habari yake, watu waliomo, lugha yake, na mafunzo yake. Leo nataka tuzichukue kanuni hizo tukazitumie kwa kitu ambacho vijana wengi hukipenda kuliko kitabu, nacho ni mchezo wa video. Najua baadhi ya wazee watanung'unika kuona jambo la namna hii katika gazeti la shule. Lakini mimi naona kuwa po pote mtu anapotoa fedha yake na saa zake, hapo ndipo panapohitaji akili ya kuchagua. Na vijana wetu wa Buterere hutoa vyote viwili kwa michezo hii.

Sababu iliyonifanya niandike ni neno ninalolisikia mara nyingi wanafunzi wanapobishana. Mmoja husema, "Mchezo huo si kitu, alama zake hazikufika hata 60." Na hapo ubishi hukoma, kana kwamba kadhi amekwisha kukata shauri. Mimi nasema kuwa alama si hukumu. Hukumu imo katika sababu, na kila sababu yapasa ipimwe tena mahali pale mtu alipo. Nitawaonyesha jambo hili kwa mfano mmoja tu, mchezo uitwao Jump Force.

1. MCHEZO WENYEWE

Huko Japani kuna gazeti la hadithi za picha liitwalo Weekly Shonen Jump, lililoanza mwaka 1968, na hutolewa na kampuni ya Shueisha. Hadithi za namna hiyo huitwa manga, nazo zikifanywa katuni za kutazama huitwa anime. Goku wa Dragon Ball, Naruto, na Luffy wa One Piece, ambao majina yao yajulikana hata na watoto wasiojua kusoma, wote walizaliwa katika kurasa za gazeti hilo. Katikati ya miaka ya 1990 gazeti hilo lilipita nakala milioni 6 kwa juma moja.

Gazeti hilo lina desturi moja ambayo naomba mwiweke moyoni, maana tutairudia. Wasomaji huulizwa kwa kadi ni hadithi zipi zilizowapendeza. Hadithi inayopendwa huendelea. Isiyopata watu hukatishwa, hata kama mwandishi wake amejitahidi namna gani. Yaani msomaji ndiye mhakiki, na neno lake lina nguvu.

Gazeti lilipotimiza miaka 50, kampuni ya Bandai Namco ilitangaza mchezo wa kuiadhimisha sikukuu hiyo. Tangazo lilitolewa mwezi wa Juni 2018 katika maonyesho ya michezo ya video yaliyofanyika Los Angeles, Marekani. Mchezo uliundwa na kampuni ya Spike Chunsoft, ukatoka mwezi wa Februari 2019 kwa mashine za PlayStation 4 na Xbox One na kwa kompyuta. Jina lake ndilo hilo, Jump Force.

Mchezo huu ni wa aina iitwayo mapigano ya uwanjani. Katika michezo mingi ya zamani wapiganaji wawili huonekana ubavuni, nao huenda mbele na nyuma katika mstari mmoja. Katika aina hii wapiganaji wazunguka watakavyo katika uwanja mpana, na mchezaji hutazama kutoka nyuma ya mgongo wa mtu wake. Aina hii yawafaa sana mashujaa wa anime, kwa maana wao huruka, hutoweka, na kurusha moto kutoka mbali. Mfano wa aina hii uliopata sifa kubwa ni Naruto: Ultimate Ninja Storm wa kampuni ya CyberConnect2, uliotoka mwaka 2008 na kufuatwa na wadogo zake kadha wa kadha.

Jump Force ulianza na wapiganaji kiasi cha 40 kutoka hadithi nyingi mbalimbali. Kila mchezaji huchagua watatu. Mmoja hupigana, na wenzake hungoja zamu au huja kusaidia. Viwanja vyake ni miji ya dunia yetu hii, kama New York, Paris na Hong Kong. Basi, mtoto ye yote aliyewahi kuuliza, "Goku na Naruto, nani angeshinda?" alipata mahali pa kuliuliza swali lake kwa vidole.

2. WALIYOYASIFU NA WALIYOYALAUMU

Mchezo ulipotoka, wahakiki wa Ulaya na Marekani waliupokea kwa moyo vuguvugu. Wengi wao walikubaliana katika mambo yafuatayo.

Waliyoyasifu ni mawili. Kwanza, ile jamaa kubwa ya mashujaa waliokusanywa pamoja. Hata mhakiki mkali alikiri kuwa si jambo dogo kumwona Kenshiro, Seiya, Yugi na Luffy katika mchezo mmoja. Pili, mapigano yenyewe yafurahisha macho. Shujaa anapotoa pigo lake kuu, nuru hujaa uwanjani, nguo huchanika, na udongo huruka.

Waliyoyalaumu ni mengi zaidi. Walisema hadithi yake ni baridi: mashujaa hawa wote wamekutana kwa mara ya kwanza, tena hawana la kuambiana isipokuwa "twende tukapigane." Walisema vipande vya hadithi vinavyotazamwa bila kuchezwa vimetengenezwa ovyo, watu wamesimama kama milingoti, midomo yafunguka bila uso kubadilika. Walilalamika sana juu ya kungoja, maana mashine huchukua muda kuutayarisha mchezo kabla ya pigano, na tena baada yake. Walisema amri za vidole ni zile zile kwa kila mpiganaji, kwa hiyo aliyemjua mmoja amewajua karibu wote. Na zaidi ya yote, walizilaumu nyuso.

3. GOKU WAWILI

Jambo la nyuso lina somo zuri la sanaa, kwa hiyo nitakaa hapo kidogo.

Waundaji wa Jump Force walitaka kuwaleta mashujaa katika dunia ya kweli. Kwa hiyo waliwapa ngozi inayong'aa kwa jasho, nywele za unyuzi mmoja mmoja, na misuli yenye mishipa. Lakini macho waliwaachia yale yale makubwa ya katuni. Ndipo ukapata uso ambao si wa mtu wala si wa picha. Wengi walisema mashujaa walifanana na sanamu za plastiki.

Sasa tazameni mfano wa pili. Mwaka mmoja tu kabla yake, Januari 2018, ulitoka mchezo mwingine wenye Goku yule yule, uitwao Dragon Ball FighterZ, ulioundwa na Arc System Works na kuuzwa na kampuni ile ile ya Bandai Namco. Huo si wa uwanjani. Wapiganaji wake huenda katika mstari. Lakini waundaji wake walifanya kinyume kabisa. Walitumia kila hila ya kompyuta ili Goku aonekane kama amechorwa kwa mkono, na picha yake isipite mipaka ya wino. Mchezo huo ulisifiwa karibu kila mahali, na alama zake zilipita 80.

Mnaona? Goku ni mmoja, mwuzaji ni mmoja, na mwaka mmoja tu umepita. Tofauti ni katika kukijua kitu chenyewe. Wa kwanza aliuliza, "Goku ni nani katika karatasi yake?" Wa pili aliuliza, "Goku angekuwaje kama angekuwa mtu?" Swali la pili si baya, lakini jibu lake halikupatikana. Wahenga walisema, uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Na si sura tu. Katika Dragon Ball FighterZ pia kila mchezaji huchukua watu watatu, lakini kila mmoja ana uhai wake. Akianguka, umebaki na wawili, na huzuni yake waiona. Katika Jump Force watatu wote hutumia uhai mmoja. Kwa hiyo kundi lako ni kundi kwa jina, na kumbadilisha mtu ni kama kubadili shati. Wahakiki walioliona hili walifanya kazi njema, kwa kuwa walionyesha kasoro ya ndani ambayo mnunuzi hawezi kuiona juu ya kasha.

4. ALAMA HUPATIKANAJE

Ile namba ambayo vijana huitaja hutoka wapi? Mara nyingi hutoka katika Metacritic, iliyoanza mwaka 2001 na isomwayo kwa intaneti. Kazi yao ni kukusanya maoni ya wahakiki wengi, kuyageuza yote kuwa alama juu ya 100, na kutafuta wastani. Wengine walitoa nyota, wengine walitoa herufi, wote hutiwa katika kinu kimoja. Tena wahakiki hawahesabiwi sawa. Baadhi ya magazeti hupewa uzito zaidi, na uzito huo hautangazwi. Jump Force wa PlayStation 4 ulikaa katika hamsini na kitu, mahali ambapo wao wenyewe huita maoni yaliyochanganyika.

Wajapani wana njia nyingine katika gazeti lao la Famitsu, lililoanza mwaka 1986. Wahakiki wanne hucheza mchezo mmoja, na kila mmoja hutoa alama zisizozidi 10, na jumla huwa 40. Njia hii nami naipenda, kwa sababu moja: alama za kila mmoja huonekana peke yake. Wakitofautiana, msomaji huona kuwa wametofautiana. Wastani huficha ugomvi. Mtu mmoja akitoa 80 na mwingine 40, wastani ni 60. Na wawili wakitoa 60 kila mmoja, wastani ni 60 pia. Lakini hizi ni habari mbili tofauti kabisa, na mnunuzi mwenye akili angetaka kujua ni ipi.

5. KUPIMA SABABU KWETU BUTERERE

Sasa tulete jambo hili nyumbani. Buterere iko kaskazini ya Bujumbura, karibu na uwanja wa ndege, na nchi yake ni tambarare. Mtaani kwetu yuko kijana mmoja mwenye kibanda cha kuchezea: chumba kimoja, benchi mbili, televisheni moja, mashine moja ya PlayStation 4 iliyonunuliwa baada ya kutumiwa na mwingine, na maneti mbili za kushika mkononi. Watoto hulipa kwa kila pigano. Kwa miaka mingi kibanda hicho kiliishi kwa mpira wa miguu tu. Mwaka 2023 kijana huyo alitaka diski ya pili, na fedha aliyoiweka ilitosha diski moja, si zaidi. Kama akikosea, hasara ni yake na ya mama yake anayekula kutokana na kibanda. Mtu mmoja mjini alikuwa akiuza diski ya Jump Force. Kijana akaniuliza, "Kaka, ninunue? Wanasema alama zake ni mbaya."

Sikumjibu ndiyo wala siyo. Tuliketi benchini tukachukua lawama za wahakiki, moja baada ya moja, tukaipima kila moja.

Lawama ya kungoja. Mhakiki wa London hungoja akiwa na kahawa yake. Kwake ni udhia. Kwa mwenye kibanda ni fedha, maana katika saa moja atapata mapigano machache zaidi. Na umeme ukikatika katikati, mtoto aliyelipa atadai pigano lake upya. Basi lawama hii kwetu ni nzito kuliko kwao.

Lawama ya hadithi baridi. Kibandani hakuna atazamaye hadithi. Mtoto amelipia pigano, na nyuma yake wako sita wanaongoja. Lawama hii kwetu ni nyepesi kama unyoya.

Lawama ya amri zile zile. Hapa mizani yaenda pande mbili. Anayecheza peke yake nyumbani siku nyingi huchoka haraka. Lakini kibandani huja mtoto ambaye hajawahi kushika maneti, akakutana na bingwa wa mtaa. Urahisi wampa nafasi ya kupiga hata mapigo mawili matatu, na kesho atarudi. Ila baada ya siku nyingi mabingwa nao watachoka, kama wahakiki walivyosema.

Lawama ya lugha hatukuiona kwa mhakiki ye yote mkubwa, lakini kwetu ipo. Sauti za mchezo ni za Kijapani. Maandishi yaweza kuwekwa kwa Kifaransa, na mwanafunzi wa kwetu hukisoma. Hapo tulitia alama njema.

Ama nyuso, hizo ni mbaya London na ni mbaya Buterere. Sababu nyingine hazibadiliki kwa mahali.

Tulipojumlisha, tuliona hivi: mchezo huu utaleta watu kwa ajili ya mashujaa wake, utawapendeza wageni, utapoteza muda wa mwenye kibanda, na hautadumu. Kijana akanunua, kwa kuwa likizo kubwa ilikuwa karibu. Likizo nzima benchi zilijaa. Wakati wa kungoja, watoto wenyewe walitunga sheria: aliyeshindwa atoe maneti kwa anayefuata kabla pigano jipya halijatokea, na aliyeshinda amchague mpinzani. Shule zilipofunguliwa umati ulipungua, mabingwa wakarudi kwenye mpira. Diski ilikuwa imekwisha kujilipa. Yaani wahakiki walisema kweli karibu katika kila jambo, na hata hivyo alama yao isingalimfaa kijana huyu. Zilizomfaa ni sababu zao.

6. YALIYOTOKEA BAADAYE

Iko habari moja ambayo wahakiki wa 2019 wasingeweza kuijua. Mwezi wa Februari 2022 Bandai Namco walikoma kuuza Jump Force kwa njia ya intaneti, pamoja na wapiganaji wa nyongeza waliokuwa wakiuzwa mmoja mmoja. Tarehe 24 Agosti 2022 walifunga seva zilizowawezesha wachezaji wa nchi mbalimbali kupigana. Umri wa mchezo wa sikukuu ya miaka 50 ulikuwa miaka mitatu na nusu tu.

Waliokuwa nao waliachiwa kucheza bila intaneti, na diski haikufa. Ndiyo maana diski ya kibandani ilifanya kazi mwaka 2023 kama kawaida. Lakini watoto walipomwomba kijana awaletee Todoroki au Majin Buu, ambao ni katika wale wa nyongeza, jibu lilikuwa hawapatikani tena kwa fedha yo yote katika duka lo lote la halali. Mtoto wa kwetu, ambaye mara nyingi hupata kitu baada ya wengine kukichoka, ndiye aumiaye zaidi kwa jambo hili. Kitabu kilichopigwa chapa mwaka 1968 chaweza kusomwa leo Buterere. Mchezo wa 2019 umekwisha kukatwa kipande. Kwa hiyo mhakiki wa siku hizi hana budi kuongeza swali moja: kitu hiki kitaishi muda gani, na nani ashikaye ufunguo wake?

Hapa nakumbuka zile kadi za wasomaji wa gazeti la Jump. Katika gazeti, neno la msomaji lafika wakati hadithi yaendelea, na mwandishi aweza kujirekebisha. Katika mchezo huu neno la mhakiki lilifika fedha zikiwa zimekwisha kutolewa. Akira Toriyama, baba wa Goku, aliyefariki Machi 2024, aliwachorea Jump Force watu wapya wachache. Yeye alilelewa na desturi ile ya kadi, na kazi yake ikaishi miaka 40. Sidhani kuwa ni bahati tu.

7. MAFUNZO NA MAZOEZI

Tukusanye tuliyojifunza.

Kwanza, ukisikia alama, uliza sababu. Asiyeweza kukupa sababu amekuletea uvumi.

Pili, kila sababu ipime mahali ulipo, kwa fedha yako, umeme wako na watu wako. Nyingine zitazidi uzito, nyingine zitapungua, na nyingine zitabaki vile vile.

Tatu, usimdharau mhakiki wa mbali kwa kuwa haijui Buterere. Aliyeona kuwa watu watatu wenye uhai mmoja si kundi, ameona kweli, na kweli hiyo haina mji.

Nne, lihakiki hata lile usemalo wewe. Mtoto asemaye, "Ni mzuri kwa kuwa yumo Goku," hajahakiki. Ametaja jina.

Wanafunzi wapendao wajaribu maswali haya:

(a) Chagua mchezo, wimbo au sinema unayoipenda. Andika lawama tatu ambazo mhakiki mwenye haki angeitoa, kisha uzijibu.

(b) Wahakiki wawili wametoa 90 na 30 kwa kitabu kimoja. Andika barua fupi kwa kila mmoja ukimwuliza swali moja tu.

(c) Kwa nini shujaa aliyechorwa vizuri aweza kuharibika akipewa ngozi ya mtu? Toa mfano mwingine kutoka sanaa ya kwetu.

Mwenye kujibu vizuri naomba alete kazi yake kwa mhariri. Na ninyi mliokwisha kutoka shuleni, msiseme kuwa mambo haya ni ya watoto. Kazini mwetu pia tunaletewa namba kila siku: alama za wafanyakazi, alama za shule za watoto wetu, alama za bidhaa. Tuulize sababu kama kijana yule wa kibanda alivyouliza, naye alikuwa na fedha ya diski moja tu.